Kidole cha Jamii

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri tu, ila limebadilishwa mara tatu tangu nianze kuandika, na sipendi kumpotosha msomaji. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya waungwana, yenye wimbo wa taifa mrefu kuliko barabara zake za lami, na yenye chuo kikuu ambacho Kitivo chake cha Uhandisi husifiwa kila mwaka na Kitivo chenyewe.

Kitivo hicho kilikuwa na huruma. Hilo nalitanguliza makusudi, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu asiye na subira afikirie vingine. Miaka kadhaa nyuma wahandisi wake walijenga daraja la watembea kwa miguu lililoishia katikati ya mto, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa imepangwa kuwa mtihani wa wanafunzi wa mwaka uliofuata. Watu wanne walitumbukia kabla matokeo hayajatoka. Baraza la Kitivo lilihuzunika, likaenda kuhuzunika siku tatu hotelini, likarudi na Kanuni ya Saba: tangu siku hiyo hakuna chombo wala jengo litakalotoka Kitivoni kabla Jamii haijashirikishwa na kuridhika.

Kanuni ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa kuipata hiyo Jamii. Ziliandikwa barua tatu kwa "Jamii, popote ilipo", zote zikarudishwa na posta. Mhadhiri mmoja akatumwa mjini kwa gari la Kitivo kwenda kuitafuta. Alirudi jioni akasema ameona watu wengi sana, lakini hakuna aliyejitambulisha kwa jina hilo. Ndipo Mkuu wa Kitivo, Profesa Kilembwe, mtu mwenye shahada nyingi na shingo fupi, alipopata ufumbuzi: Jamii iajiriwe.

Tangazo likabandikwa getini. Nafasi ya kazi: Jamii, mtu mmoja. Awe na umri wa kati, sura ya shida, usafi wa kuridhisha, na ajue kuandika jina lake.

Bi Semeni hakuja kuomba kazi. Alikuja juu ya lori la kokoto kutoka Mlima Nyundo, ambako wanawake huvunja mawe tangu wakiwa na meno ya utoto, na alikuwa amesimama pembeni akiangalia mzigo wa mlima wao ukishushwa kwa ajili ya maabara mpya. Profesa Kilembwe alipita, akampa mkono kwa kudhani ni mke wa mtu fulani, halafu hakuuachia. Aliugeuza kiganja, akakitazama. Kilikuwa kigumu kama kisigino. Ncha za vidole zilikuwa zimelika kwa miaka mingi ya nyundo na vumbi la mawe, hadi hazikuwa na mstari hata mmoja.

"Mabwana!" aliita Profesa. "Njooni mshike! Hii ndiyo Jamii yenyewe!"

Wakaja wahadhiri saba, wakashika mmoja mmoja, wakaafiki. Kufikia saa sita Bi Semeni alikuwa ameajiriwa.

*

Alipewa chumba chenye feni, na mlango ulioandikwa JAMII: GONGA KABLA YA KUINGIA. Alipewa muhuri wa mviringo wenye maneno JAMII IMESHIRIKISHWA NA IMERIDHIKA. Saa nne aliletewa chai na maandazi mawili. Wakija wageni wa nje, alivishwa kanga za Kitivo na kuketishwa mstari wa mbele, ili wageni waione Jamii kwa macho yao.

Mwanzoni alikuwa akiuliza. Ililetwa mashine ya kukoboa mahindi, yenye mkono wa chuma unaorudi nyuma kwa nguvu, naye akauliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni atasimama upande gani. Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akasema hilo ni swali zuri sana. Kwenye muhtasari wa kikao ikaandikwa kwamba Jamii iliuliza swali zuri, na mashine ikapita kama ilivyokuwa. Baada ya maswali matano ya namna hiyo, Bi Semeni alielewa kwamba "swali zuri" ndipo mahali maswali yanapozikwa. Mwaka wa pili aliacha kuuliza. Mwaka wa tatu alianza kugonga muhuri kabla maelezo hayajaisha, apate kuiwahi chai ingali moto.

Na hapa sina budi kumsema, ingawa ni mtu ninayempenda: kazi ile aliifurahia. Aliifurahia feni, aliyafurahia maandazi, alifurahia kusikia korido nzima ikisema "Shikamoo, Jamii." Kulikuwa na chupa ya losheni kando ya sinki, naye akaizoea. Miaka minne ilipotimia viganja vyake vilikuwa vimelainika, ngozi mpya imeota, na mistari midogo ya vidoleni imerudi mmoja mmoja. Alikuwa akiitazama kwa fahari. Alihamia nyumba za wafanyakazi chini ya mlima. Mwanzo alipanda kwao kila Jumapili, kisha kila mwisho wa mwezi, kisha akawa mtu wa kutuma salamu.

*

Sasa nije kwenye bomba. Mhandisi Hizza, kijana mpole na hodari, alikuwa ameunda chombo kilichoitwa Bomba Tambuzi. Profesa Kilembwe alikieleza kikaoni kwa ufasaha wake wote.

"Waheshimiwa, kwa nini maji ya umma hupotea? Kwa sababu bomba halijui linampa nani! Bomba la kizamani humpa yeyote. Halichagui, halihoji, halina msimamo. Bomba Tambuzi humsoma mtu kidole. Likimtambua, linafunguka. Lisipomtambua, linamweleza kwa adabu."

Adabu hiyo ilihitaji sauti. Utafiti wa Kitivo ulikuwa umegundua kwamba jamii hupenda kusikia sauti ya jamii, basi Bi Semeni akapelekwa studio. Alitakiwa kusema mambo mawili tu. La kwanza lilikuwa: "Karibu ndugu, umetambuliwa. Chota maji." Hilo alilisema mara moja, likakubaliwa. La pili lilikuwa: "Samahani, hutambuliki. Rudi nyumbani." Hilo alilirudia mara kumi na nne, kwa sababu kila alipofika mwisho sauti ilimlegea.

"Kaza kidogo, Jamii," alisema mtu wa mitambo. "Usimwonee huruma. Hujui ni nani."

Mara ya kumi na nne alikaza.

Kisha likaja jaribio. Kanuni ilitaka chombo kijaribiwe na Jamii, kikajaribiwa. Bi Semeni aliweka kidole mara mia moja, na mara zote mia moja bomba likafunguka. Hizza akaandika: mafanikio kwa jamii, asilimia mia. Katikati ya kazi hiyo, kama mara ya arobaini hivi, Bi Semeni alikitazama kidole chake juu ya kioo kidogo cha mashine, mistari yake yote imejipanga vizuri, akamkumbuka dada yake Mwanjaa na wanawake wa mlimani. Swali likamjia mpaka mdomoni. Lakini ilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na mlango ukafunguliwa, na sinia la chai likaingia. Akalimeza swali pamoja na andazi.

Bomba Tambuzi la kwanza likapelekwa Mlima Nyundo, kama heshima kwa kwao Jamii. Bomba la mkono lililokuwa pale likang'olewa, likawekwa katika Makumbusho ya Kitivo, ndani ya kioo.

*

Zilipita wiki tano. Siku moja mtu akagonga mlango.

"Karibu," alisema Bi Semeni bila kuinua macho.

"Nimekuja kuiona Jamii."

Aliinua macho. Alikuwa Mwanjaa, na vumbi jeupe kichwani, ameshika dumu tupu.

"Dada! Shikamoo."

"Marahaba. Nikae, au kuna fomu?"

"Kaa, dada, kaa. Kwema huko?"

Mwanjaa hakukaa. "Mlituletea bomba. Zuri, linang'aa. Tumeliwekea vidole vyote kumi. Bi Tatu kajaribu mpaka na gumba la mguu. Halitutaki."

"Hamkuandikishwa?"

"Tuliandikishwa. Fundi wenu kila akitushika kidole mashine haioni kitu, basi mbele ya jina la mtu anaandika 'hana vidole'. Unajitazama mikono, kumi hivi hapa, unaambiwa huna. Mlima mzima waliokubaliwa ni wawili. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye unajua hajawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu, na yeye kila siku yuko mjini kwenye semina. Na wewe."

"Na watoto?"

"Watoto hawaruhusiwi, wasije wakachezea." Mwanjaa aliliweka dumu chini. "Lakini si hilo lililonileta. Maji ya shimo la machimbo tuliyanywa utotoni, tumeyarudia, ingawa sasa yana ukijani, na mjukuu wangu leo siku ya nne anaharisha. Nimekuja kwa sababu ya sauti."

Bi Semeni alijua. Hata hivyo aliuliza, "Sauti gani, dada?"

"Yako. Nikiweka kidole, wewe ndiye unayenifukuza. 'Rudi nyumbani.' Mara ya kwanza niligeuka nyuma nikutafute umejificha wapi. Nikasema, mdogo wangu ananitania. Nikaweka tena, ukanifukuza tena. Na foleni yote iko nyuma yangu inasikia."

Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na wa Bi Semeni siku hiyo uliumbuka. Aliificha mikono chini ya meza, akasikia harufu ya losheni.

"Nionyeshe," alisema Mwanjaa.

Akaitoa. Dada yake akaishika, akaigeuza kama Profesa alivyoigeuza miaka minne nyuma.

"Una mikono ya mtoto mchanga," alisema taratibu. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma.

*

Kuanzia kesho yake Bi Semeni alipanda mlimani kila alfajiri na kila jioni, akasimama kando ya bomba na kuweka kidole kwa kila ndoo. "Karibu ndugu, umetambuliwa," ilisema sauti yake, na yeye mwenyewe akiwa amenyamaza pale pale. Wanawake walichota. Walimshukuru kwa heshima, wakimwita Jamii, na afadhali wangemtukana.

Kitivoni takwimu zilipokelewa kwa shangwe. Profesa Kilembwe alizisoma mbele ya Baraza: bomba la Mlima Nyundo linatumika mara mia mbili na kumi na nne kwa siku. "Tulijua jamii ina kiu ya maji," alisema, na machozi yakimlengalenga. "Hatukujua ina kiu ya teknolojia!"

Ikaamuliwa kwamba Bomba Tambuzi lipelekwe wilaya kumi na mbili, na mabomba ya mkono yote ya wilaya hizo yang'olewe. Uzinduzi utafanyika baada ya wiki tatu, katika uwanja wa Kitivo, mbele ya Mtukufu Rais. Jamii ndiyo itakayofungua bomba la kwanza kwa kidole chake. Maji yakitoka, Rais atatia sahihi hapo hapo.

Bi Semeni alikwenda ofisini kwa Profesa bila kuitwa.

"Profesa, safari hii sigongi."

"Hugongi nini, Jamii?"

"Muhuri. Bomba hili haliwajui watu wa kazi. Na mimi nilijua. Nilijua tangu siku ya jaribio, nikanyamaza."

"Swali zuri sana," alisema Profesa.

"Si swali."

Profesa alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na alimhurumia. Alifungua kitabu cha kanuni, akamwelekeza kwa kidole. "Tazama mwenyewe. Kanuni ya Saba inaeleza Jamii inavyoridhika. Utaratibu wa kutoridhika haukuwekwa, kwa sababu Baraza halikutaka kuichosha Jamii. Ukikataa, kisheria wewe si Jamii tena. Unakuwa mtu binafsi. Sasa mtu binafsi anafanya nini na ofisi ya Jamii?"

Akauvuta muhuri, akaugonga mwenyewe, akapuliza wino ukauke.

Nje koridoni Mhandisi Hizza alikuwa akimsubiri, ameegemea ukuta.

"Mama, hata mimi niliona," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye kumbukumbu za mashine. Mara mia mbili na kumi na nne, zote kidole kimoja."

"Ukafanyaje, mwanangu?"

"Nikamwambia Profesa. Akasema ni uchunguzi mzuri sana."

"Baada ya hapo ukafanyaje?"

Hizza alivitazama viatu vyake. Bi Semeni naye akavitazama vyake, maana hakuwa na haki ya kumtazama mwenzake kwa ukali.

*

Jioni ile, foleni ya maji ilipokwisha, aliwazuia wanawake wasiondoke.

"Nina neno," alisema. "Siku ya uzinduzi, mashine ikinitambua, wilaya kumi na mbili zitang'olewa mabomba yao. Muhuri hawauhitaji tena kwangu. Kidole tu, na nikikataa kukileta watatafuta cha mwingine. Nikirudi kwenye nyundo, kidole hiki kitafutika kama vyenu. Lakini kikifutika, na hapa hamtapata hata tone, maana ndicho kinachowafungulia. Ndiyo nimekuja kuwauliza."

Bi Tatu, mkubwa wao wote, alijikuna shingo. "Unatuuliza sisi?"

"Nawauliza."

"Miaka minne umekuwa sisi, leo ndiyo unatuuliza?"

Alisimama mbele yao na kanga ya Kitivo, na aibu ikampanda kutoka miguuni. "Sina la kujitetea, Bi Tatu. Naona aibu."

"Aibu haizimi kiu," alisema Bi Tatu. "Mimi kwa upande wangu nasema akae na kidole chake. Tunakunywa. Mwenye kuumwa kapona. Mnataka turudi shimoni kwa ajili ya watu tusiowajua?"

Baadhi wakaunga mkono, na kwa kweli walikuwa na haki. Wengine wakapinga. Walibishana mpaka jua likagusa mlima, na Bi Semeni hakutia neno. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusikia Jamii ikishirikishwa, na aliona inachukua muda kuliko kugonga muhuri.

Mwishowe Mwanjaa akauliza, "Huko wilaya kumi na mbili kuna wavunja kokoto?"

"Wapo. Na wavuna chumvi. Na wakata mkonge, na wafua nguo za watu."

"Basi hao ni sisi." Mwanjaa aliinama, akaokota kipande cha mpira wa tairi, ambacho hushikia jiwe lisiruke, akamtupia miguuni. "Maji ya shimo tutayachemsha. Bi Tatu, nitakuchemshia na ya kwako."

Bi Tatu akasonya kwa muda mrefu. Halafu akaenda kumtafutia nyundo.

*

Kwenye mlango wa ofisi likabandikwa tangazo: JAMII IKO LIKIZO. Katika wiki hizo tatu Kitivo kilipitisha miradi kumi na mmoja, kwa kuwa ilionekana kwamba Jamii ikiwa haipo haina pingamizi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mlimani, Bi Semeni alilia siku ya kwanza kabla karai moja halijajaa. Malengelenge yalipasuka, yakashika vumbi, yakapasuka tena. "Jamii inalia jamani," walisema wanawake, wakacheka, na alistahili kuchekwa. Kila jioni alijaribu bomba. Wiki ya kwanza lilimtambua mara moja. Wiki ya pili lilimtambua mara ya pili au ya tatu. Wanawake walijaza kila chombo walichokuwa nacho, masufuria, beseni, hata makarai ya kokoto. Asubuhi ya uzinduzi lilimtambua mara ya nne. Hakukuwa na aliyejua la uwanjani lingekuwaje. Alivunja karai la mwisho, akasugua ncha za vidole juu ya jiwe mpaka zikawaka, akateremka.

*

Uwanja ulipambwa. Kiongozi wa bendi alikuwa amepewa maelekezo rahisi: sauti ya mashine ikisikika, pigeni. Wageni waliambiwa hivyo hivyo kuhusu makofi. Wanawake wachache wa mlimani waliwekwa nyuma, karibu na vyoo vya muda, na Mwanjaa akiwa miongoni mwao.

Profesa Kilembwe alihutubia kwa dakika hamsini. "Teknolojia ni nini?" aliuliza, akajijibu. "Na jamii ni nini?" akajijibu tena. "Mtukufu Rais, vyuo vingine huunda vyombo halafu vikaitafuta jamii. Sisi jamii tunayo, ina chumba chake, ina feni. Hatujawahi kufanya jambo bila kuigongea mlango!" Akageuka kwa madaha. "Jamii, karibu. Kidole."

Bi Semeni alipanda jukwaani. Aliweka kidole cha shahada juu ya kioo, na moyo wake ukaomba kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiomba mbele ya bomba.

"Samahani, hutambuliki," ilisema sauti yake mwenyewe kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja. "Rudi nyumbani."

Bendi ikapiga. Makofi yakalipuka. Rais akasimama, akapiga makofi.

Bomba lilikuwa kavu. Profesa akanong'ona, "Kingine, Jamii, kingine!" Akaweka cha kati. Samahani, hutambuliki. Bendi ikapiga. Akaweka cha pete, akaweka cha mwisho, akaweka gumba, akahamia mkono wa kushoto. Mara kumi sauti yake ilimfukuza, na mara kumi bendi na makofi vikaitikia. Sauti ile iliyokazwa ilikuwa ngumu kweli. Sasa alijua Mwanjaa alisikia nini siku ile, na foleni nzima nyuma yake. Mashavu yakamwaka mbele ya serikali yote, lakini mkono hakuuondoa mpaka vidole vilipokwisha.

Makofi ya mwisho yalipotulia, Rais akauliza, "Hiyo mashine inasemaje? Maji yako wapi?"

Profesa alimtazama Waziri, Waziri akatazama mbingu. Kisha Mhandisi Hizza akatoka mstari wa nne, akachukua kipaza sauti.

"Mtukufu, inasema haimjui. Haimjui mtu yeyote anayefanya kazi kwa mikono. Nilipima kidole kimoja mara mia, nikaandika nimepima jamii. Kosa ni langu. Naomba radhi kwa wale mama waliokaa kule vyooni."

Kiongozi wa bendi, aliyekuwa amesinzia kidogo, aliisikia sauti kwenye vipaza, akapiga.

*

Rais hakutia sahihi siku hiyo, kwa kuwa kalamu yake ilikuwa imepangwa kutumika baada ya maji. Tume ikaundwa. Ripoti yake ilisema mashine haina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwa Jamii, ambayo ilikutwa na hitilafu ya ngozi. Mradi ukasimamishwa mpaka ipatikane Jamii inayokidhi viwango, na mabomba ya mkono ya wilaya kumi na mbili yakaachwa kwa muda. Muda huo unaendelea hadi leo. Bi Semeni aliachishwa kwa barua iliyomwita mtu binafsi. Hizza hakufukuzwa, maana Kitivo kina huruma. Alihamishiwa Makumbusho, kufuta vumbi kwenye vioo.

Siku tisa baadaye wanawake wa Mlima Nyundo walimwona akipanda, anasukuma mkokoteni na jasho linamchuruzika. Juu ya mkokoteni lilikuwa lile bomba la mkono, bado lina kibandiko cha makumbusho kisemacho ZANA YA KALE. Aliwaamkia wote, shikamoo moja baada ya nyingine, bila kuinua uso. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akafungua nati, akatoa mashine, akarudisha bomba. Mwanjaa akaushika mpini, akasukuma mara sita kwa ukavu. Mara ya saba maji yakaja. Bi Tatu alikinga viganja, akanywa, akasema yana ladha ya kutu, akanywa tena.

Bi Semeni alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Hakuna aliyemweka pale. Alijiweka mwenyewe.

Kisanduku cha mashine kilibaki chini kando ya mawe, taa yake ndogo bado inawaka, kwa kuwa kilitumia umeme wa jua. Mtu mmoja akiweka dumu lake akakigusa kwa bahati mbaya.

"Samahani, hutambuliki," kilisema. "Rudi nyumbani."

Hizza akapiga magoti haraka, akashika bisibisi. "Nakizima, Mama. Ni waya mmoja tu."

"Kiache, mwanangu," alisema Bi Semeni. Aliweka ndoo yake chini, akakaa juu ya jiwe karibu nacho. "Kiache kwanza. Sijamaliza kukisikia."